Skopu ya Ekeno

Ekeno alikuwa fundi wa redio pale mjini Kiwanjani, na tangu anunue skopu yake ndogo ya bei nafuu, kile kichombo kinachoonyesha mapigo ya umeme kwenye kioo, alijiona daktari. Wacha maringo! Hata kanisani alikwenda nayo shingoni.

Kiangazi kilipokaza, pampu ya sola kule Oldonyiro ikagoma. Aliyemwita ni Mzee Erot, baba ya Nakuam, msichana ambaye Ekeno alikuwa akimchumbia.

"Maji yasipotoka leo, tunahama na mifugo," mzee akasema. "Na binti yangu habaki nyuma. Niambie ukweli."

Ekeno akafungua sanduku la pampu, akagusa bodi ya umeme inayoiendesha kwa kalamu ya skopu, ile ncha ya kupimia. Mstari ukalala bapa. Akainua kioo watu wote waone.

"Imekufa, mzee. Bodi nyingine lazima iagizwe Nairobi."

"Umeangalia vizuri?" Nakuam akauliza polepole.

"Hii mashine haidanganyi," akamjibu, tena kwa kiburi, mbele ya watu.

Asubuhi wakapakia punda, wakaelekea kaskazini. Nakuam aligeuka kumtazama, kisha akafuata mbuzi.

Ekeno akarudi mjini na bodi, akangoja mpya wiki baada ya wiki. Simu ya Nakuam haikushika. Siku moja akapima redio ya jirani, na mstari ukalala vilevile, ilhali redio inaimba! Akageuza kalamu. Ubavuni ina kaswichi chenye alama mbili, moja na kumi, na kilikuwa kwenye kumi. Kila pigo lilifika kwenye kioo limepunguzwa mara kumi, yeye akaliita maiti. Akakirudisha kwenye moja, akaipa umeme ile bodi ya Oldonyiro. Mapigo yakasimama wima, mazima kabisa.

"Mungu wangu, nimefanya nini?"

Akakimbilia Oldonyiro, akairudisha bodi sandukuni. Kumbe ni waya mmoja tu, wa kutoka kwenye bodi kwenda kwenye pampu, umetafunwa na panya! Akauunga, na maji yakaruka hadi kwenye birika la mifugo. Nyanya yake Nakuam, ambaye miguu ilimzuia kuhama, akabaki akinywa maji ya kuletewa na wapita njia, akaja na mtungi.

"Nyanya, tuma mtu awaambie maji yametoka. Warudi!"

"Watu wa soko la mbuzi walileta habari jana," nyanya akasema. "Erot amepokea ngamia wa watu. Nakuam ameshaolewa. Alikataa sana, eti Ekeno ataleta maji. Ulipokawia, akanyamaza."

Ekeno akaketi mchangani, akalia mbele ya yule mama mzee bila kuficha uso. Birika likajaa, likaanza kufurika.

Nyanya akajitwika mtungi wake.

"Zima, mwanangu," akasema. "Hakuna wa kuyanywa."