Jani la Mlango wa Mto

Tetemeko lilipotulia na bahari kurudi mahali pake, kitu cha kwanza alichotafuta Yosina ni jani changa la mnazi lililofungwa kwenye mti penye mlango wa mto. Yeye ndiye mkuu wa walinzi wa kijiji, na jani hilo maana yake samaki wa mtoni ni wa wote, asivuliwe hata mmoja mpaka siku ya kufungua. Wimbi lilikuwa limelizoa, pamoja na mti wenyewe.

"Basi, yamekwisha," alijisemea. Watu walikuwa kilimani na njaa na nyavu walizokimbia nazo, na mto ulimeremeta kwa samaki.

Mchana boti ya serikali ikaleta maboksi ya tambi, yakapandishwa kilimani. Ofisa akachungulia mto, akashika kiuno. "Mama, mnagombania tambi na kitoweo kimejaa hapo chini? Vueni!"

"Mto umefungwa, bwana mkubwa."

"Umefungwa na nini? Mbona sioni alama yoyote?"

Kabla Yosina hajajibu, Hermanus, mvuvi mkorofi aliyekwisha kutozwa faini na Yosina mara kibao, akadakia na tambi zake mdomoni: "Huyu naye ana macho kweli? Nyavu zetu si hizo hapo, hata moja haijalowa!"

Yosina akazitazama zilivyoning'inia mitini, kavu zote.

"Lile jani, bwana mkubwa," akasema, "tulikuwa tunawawekea wageni."