Kinu cha Nyirarukundo

Daphrose alirudisha sauti nyuma kwa sekunde kumi na mbili, akabana hedifoni masikioni kwa viganja, akasikiliza upya. Kwenye kioo cha kompyuta, programu ilikuwa imeuchora mlio kwa michirizi, ikauzungushia kisanduku chekundu, ikamtaka achague: nyangumi, pomboo, meli au kelele.

Ilikuwa saa nane mchana, ghorofa ya tatu, Muhima, mjini Kigali, juu ya duka la magodoro. Sauti zilitoka moja kwa moja Atlantiki, kwenye vinasa sauti vilivyokokotwa na meli iliyokuwa ikipiga mizinga ya hewa chini ya maji kutafuta mafuta. Kanuni ilikuwa fupi: nyangumi akisikika karibu, mizinga inyamaze saa nzima. Wa kuthibitisha alikuwa Daphrose. Hakuisomea kazi hiyo. Alijifunza mwenyewe miaka minne, akiandika kila mlio kwenye daftari, na hakuwa mtu wa kukata shauri haraka.

Mapigo matatu ya haraka. Kimya kidogo. Mawili ya polepole. Kisha *ko*, moja kavu.

Nyangumi wa kilindini hugonga karibu hivyo, ndiyo maana tangu Jumatatu alikuwa akitia alama ya nyangumi. Lakini nyangumi hawana ukingo wa kinu. Ile *ko* ilikuwa ya mama yake, Nyirarukundo, akigonga mchi ukingoni ili majani yaliyonata yadondoke. Na kile kimya ni pale aliporudisha ndani yaliyomwagika, kwa mkono wa kushoto. Alitwanga hivyo kila Jumapili baada ya misa, Rumonge, Burundi, walikoishi ukimbizini. Daphrose alikaa kando akichambua ndagala, dagaa wa ziwani, na kwa mlio tu alijua kama sombe, majani ya muhogo, imelainika.

Mama alizikwa hukohuko, kando ya ziwa Tanganyika. Familia iliporudi Rwanda, kaburi halikubebeka. Mwaka juzi ziwa lilipanda, likachukua safu mbili za makaburi. Maji ya Tanganyika hutoka kwa mto Lukuga, Lukuga huingia mto Kongo, na Kongo humwagika Atlantiki. Kwa hesabu ya Daphrose miaka miwili ilitosha, hata kwa mtu aliyebeba kinu.

Msimamizi wake, Norman, aliyekulia Kampala, akaja kusimama nyuma ya kiti.

"Mama Annick, meli imesimama mara tisa wiki hii. Wenye meli wanalia. Iko nini hapo?"

Daphrose, mama wa Annick, alimpa hedifoni. Norman akasikiliza, kichwa kikifuata mapigo.

"Hii ni sombe."

"Ni sombe, shefu."

"Nani anatwanga?"

"Mama."

"Si mulimuzika Burundi?"

"Maji yalimuchukua."

"Ihangane, pole sana." Akasikiliza tena. "Anajua kutwanga. Mama mkwe wangu anatumia mashine, inatoka kama dawa ya meno." Akavua hedifoni, akamrudishia. "Lakini mutu si nyangumi. Kanuni haina mutu. Tia kelele."

"Nikitia kelele, programu itajifunza. Haitamusikia tena. Na nyangumi wa mlio kama huu haitawasikia."

"Najua," alisema Norman, bila hasira. "Wenyewe pia wanajua. Wanataka jibu kesho saa tatu."

Saa ya kunyamaza ikaisha, mizinga ikaanza tena, mmoja kila sekunde kumi. Kila ulipolia, mama alipoteza hesabu, akaanza upya kwenye tatu. Alikuwa amefika mara ya sita kilindi kilipojibu: tatu, kimya, mbili, *ko*. Kisha mwingine, mbali kidogo.

"Hao wawili ni nyangumi," alisema Daphrose.

"Wanagonga ukingo," alisema Norman, akitazama michirizi kwenye kioo.

"Wamefundishwa. Rumonge pia majirani walikuja na michi yao. Mama hakumufukuza mutu."

Akawatia alama ya nyangumi, kwa haki. Norman akapiga simu melini. Alijibiwa kwamba mlio ni uleule waliokwisha kuulalamikia, hawatasimama. Akaandika jibu hilo na saa lilipotolewa, akarudi mezani kwake.

Saa kumi na moja Daphrose alijaribu kufunga faili. Programu ilikataa: kisanduku kimoja, kile cha mama, hakina alama, kazi haijakamilika, aendelee kesho? Akabonyeza ndiyo.

Kabla ya kuvua hedifoni alisikiliza mara ya mwisho, kati ya mzinga na mzinga. Michi ilikuwa mitatu sasa, ikipokezana. Sombe ilikuwa bado haijalainika.