Kiti cha Mable

Kifuniko cha birika kiligonga sakafu ya jikoni, kidogo tu, kama kimemponyoka mtu asiyetaka kusikiwa. Kulikuwa bado giza. Laurentine alipapasa kitanda akakuta upande wa mume wake umeshapoa.

"Baba Méschac, unaenda wapi?"

"Ku bilo, ku kazi. Simu zimekwama tena. Inafaa nizirudishe mbele ya mashua ya kisiwa cha Chisenga kufika."

"Na Mable atakuwa pale?"

"Si ye njo anashikaka funguo?"

Constantin, mume wake, alitunza mashine ya simu katika kampuni moja ya samaki pale Kashikishi, kando ya ziwa. Mable, binti wa Nchelenge jirani, alikaa mezani akipokea simu zenyewe. Alikuwa na sauti laini na mikono isiyonuka samaki. Juzi muuza chumvi alimuuliza Laurentine mbele ya watu, "Mama Méschac, simu gani hii yenye kutengenezwa na batu babili?" Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Akajifunga kitenge, akamfuata.

Mlinzi alimfungulia geti. Mlango wa chumba cha simu ulikuwa wazi, na mambo yalikuwa vilevile kama yalivyosemwa. Constantin alikuwa mbele ya kompyuta iliyounganishwa kwa waya na mashine ya simu, sanduku la ukutani. Skrini ilikuwa nyeusi, imejaa mistari ya maandishi meupe, kila mstari na namba yake. Mable alikaa kando yake, bega karibu na bega, akimsomea. Alisoma, Constantin akabonyeza namba, menyu nyingine ikatokea. Walikwenda hivyo kama watu waliozoea kutwanga katika kinu kimoja. Hilo lilimchoma Laurentine kuliko yale mabega.

"Nimekuja kuona hii kazi," alisema.

Kwao Mable, mama mzima hasalimiwi na mtu aliyekaa kitini. Aliinuka, akapiga magoti, akapiga makofi polepole, akamwamkia mama huyo kwa Kibemba. "Mwashibukeni, ba mayo." Akauliza habari za nyumba, za watoto, bila kukata njiani. Skrini ilikuwa inangoja jibu. Constantin hakutaka mkewe amwone akisubiri kusomewa kama mtoto. Akabonyeza mwenyewe.

Taa za sanduku zilizimika zote, kisha zikawaka nyekundu.

Mable alirudi kwenye skrini, akasoma, sauti ikashuka. "Ba Constantin, mashine haikuanza upya tu. Mumefuta yote. Majina, namba za vyumba, yote."

"Haukuona namba yenye ulibonyeza?" Laurentine alimuuliza mumewe.

Constantin alisugua macho. "Siku mingi sioni muzuri, mama. Maandishi inatembea kama samaki ya chisense mu maji. Bakubwa ya kazi bakijua, batatafuta mutu mwingine."

"Juu ya nini haukuniambia? Mable anajua."

"Sikumuambia. Aliona yeye mwenyewe."

Wivu wa Laurentine haukutoka, ulihama tu. Alikuja tayari kugombania mume, na sasa aligombania macho yake, kwa sababu mwanamke mwingine ndiye aliyeona kwanza kwamba yanachoka.

"Iko nakala nilihifadhi," alisema Constantin. "Lakini mutu asome mustari kwa mustari."

Mable angeisoma upesi. Badala yake alivuta kiti chake, akakigeuza kimwelekee Laurentine.

"Mukae, ba mayo. Miye nachemsha chai."

Laurentine alielewa alichopewa, na ilimuuma kukipokea. Alikaa. Alisoma maneno ya Kiingereza silabi kwa silabi, kidole kwenye skrini, na mara nyingi Constantin alilitambua neno kabla hajalimaliza. Akikosea walirudi juu, wakaanza tena. Mashua zilikuwa zimeanza kunguruma ziwani wakati taa zilipogeuka kijani, moja baada ya nyingine, na simu ya mezani ikalia. Alikuwa mchuuzi wa Chisenga, akiulizia barafu.

Walikunywa chai watatu. Laurentine hakupenda hata kidogo kwamba Mable hakuuliza Constantin anataka sukari kiasi gani. Lakini kikombe cha kwanza kilikuwa kimewekwa mbele yake yeye Laurentine.

Laurentine alipoondoka, Mable alimsindikiza mpaka getini.

"Ba mayo, asubuhi niko hapa miye peke yangu na ile sanduku. Mukuje tena kuniona. Hata kama simu iko muzima."