Juu ya Shati

Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu hamsogelei baba mkwe, seuze kumgusa kifua. Mie nimezaliwa Temeke na mambo mengi ya kizamani huyacheka, ila hilo sikuwahi kulicheka. Mzee Tusajigwe, baba mkwe wangu, akiingia sebuleni, nami natokea mlango wa uani. Tuliishi hivyo miaka sita, nyumba moja hapa Keko, tukipendana kwa mbali.

Kifuani alikuwa amepandikizwa kifaa kidogo kinachouendesha moyo wake. Hakina waya. Kila asubuhi mume wangu Daniel alimbandikia chaja inayopeleka umeme kwa sauti, sauti ya juu mno, sikio la mtu haliisikii. Asipochajiwa, moyo unasimama. Wakati huo mie huwa jikoni.

Kisha Daniel akapata kazi ya kupaua nyumba huko Kimbiji, wiki mbili.

"Paka jeli, bandika, hesabu dakika ishirini," aliniambia. "Usisahau hata siku moja."

Sikusahau. Siku ya kwanza nilisimama na jeli mkononi, macho sakafuni. Mzee naye hakufungua hata kifungo kimoja.

"Weka juu ya shati, mama," akasema. "Muziki wa singeli wa jirani unapita ukuta, sauti ya chaja itashindwa shati?"

Nikacheka. Nilifurahi mno kuepushwa na aibu ile, na leo furaha hiyo ndiyo inayoniua. Nikaweka juu ya shati, taa ya kijani ikawaka, nikamshukuru Mungu.

Siku ya saba alianza kuhema akipiga randa mbao zake uani. Akasema ni vumbi. Siku ya tisa nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amelala kwenye maranda, mikono imeshapoa. Nilichana shati na fulana, nikamwaga jeli, nikabandika chaja kwenye ngozi yenyewe.

Ikalia. Ti, ti, ti.

Siku zote tisa haikuwahi kulia. Taa ilisema chaja imewaka, basi. Mlio ndio uliosema umeme unaingia. Daniel aliuzoea hata hakukumbuka kunitajia, na mie jikoni nisingeusikia.

Majirani walikuja wakaniambia niache, baba ameshakwenda. Sikuacha. Nilimshikilia kifuani, nikihesabu kwa sauti, wao wakilia. Dakika ya ishirini chaja ikanyamaza yenyewe. Kifaa kilikuwa kimejaa.