Maganda ya Maharage

Ti… ti… ti. Kitu kidogo cha chuma kilikuwa kinagonga ubavu wa sufuria. Amisa, macho bado yamefumbwa, alidhani ni dada yake Fatouma anakoroga uji, kule Muyinga walikozaliwa. Akaacha usingizi umtoke polepole kama mvuke. Kisha akakumbuka kwamba yuko Gitega, kwamba ni bibi mwenye wajukuu, na kwamba Fatouma ameanza kusahau watu.

Akajifunga kitenge, akaenda jikoni. Mwanawe Ilyasi alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula ya makaa, ananing'iniza kidude kwa uzi ndani ya maji ya moto.

"We mtoto, unapika chuma?"

"Ni themostati ya gari, mama. Ndiyo mlango wa maji. Moteri ikipata moto, huu mlango unafunguka, maji yanaenda kupoa kwenye rejeta. Ukikataa kufunguka, gari inachemka."

"Chumvi umetia?"

Ilyasi akacheka. Amisa aliona kwamba hakugusa sufuria yake ya maziwa. Alikuwa ametafuta ile kuukuu iliyong'oka mkono. Akamwombea kimoyomoyo.

Wiki iliyopita walifunga safari ya Muyinga, gari likachemka kabla ya kufika Karuzi, wakarudi wakipumzika kila mlima. Na jana Farida, binti wa Fatouma, alipiga simu: "Mama mdogo, leo ameniuliza mi ni nani. Jina lako bado analitaja. Uje haraka."

Maji yalipokaribia kuchemka, kidude kikafungua mdomo taratibu, kama mtu anayepiga miayo.

"Iko mzima," Ilyasi akasema kwa huzuni. "Afadhali ingekuwa imekufa. Sasa ugonjwa uko wapi?"

Nje, ukungu ulikuwa umelala juu ya mapaa. Gari la marehemu mumewe lilisimama penye ua, mahali lilipokaa miezi mingi mafuta yalipoadimika. Ilyasi akarudisha kidude mahali pake, akajaza maji, akawasha. Feni ilizunguka. Hakuna mpira wa maji uliovuja. Hata hivyo, baada ya muda mshale wa joto ukaanza kupanda.

Donatienne, jirani Mkongomani anayeuza maharage sokoni, akaingia na fimbo yake ya kupuria. Pale kando ya gari ndipo alipokuwa anapigia maharage yake, kwa vile Amisa alimpa uwanja.

"Mama Ilyasi, gari iko na homa tena?"

"Ina homa, na daktari wake amemaliza dawa."

Amisa akainama mbele ya gari kulitazama, kama mtu anavyomtazama mgonjwa usoni. Pindo la kitenge chake likaning'inia mbele ya rejeta, likatulia tu.

"Ilyasi, si ulisema feni inavuta upepo kutoka huku mbele? Mbona nguo yangu haitikisiki?"

Ilyasi akazima moteri, akamulika kwa simu. Katikati ya vile vibati vyembamba vya rejeta hapakuwa na nafasi ya kupita hata pumzi. Maganda ya maharage yalikuwa yamejipanga humo, yameshikana na vumbi na oili ya zamani.

Donatienne akashika kichwa. "Yesu wangu! Ni mimi nimeiua!"

"We ulikuwa unapiga maharage yako," Amisa akasema. "Upepo ndio ulioyabeba. Lete brashi."

Walingoja gari lipoe, kisha wakaanza. Donatienne aliteka maji bila kuambiwa. Ilyasi aliyamimina kutoka upande wa moteri, ili uchafu utoke kule ulikoingilia. Amisa akashika mswaki wa zamani, akafuata mstari kwa mstari, maana vile vibati hupinda ukivifanyia haraka. Maganda yakatoka, yakaelea katika maji meusi, na ukungu ukapanda ukaenda zake. Mikono yake ikawa myeusi hadi vifundoni.

Gari likawashwa. Safari hii kitenge kilivutwa kikanata mbele ya gari, na mshale ukapanda hadi nusu, ukalala hapo.

"Nawa, mama, twende."

Sabuni haikuitoa ile oili. "Twende hivyohivyo," Amisa akasema.

Vilima vilipita vikimbembeleza. Karuzi ikaja ikaachwa nyuma, na mshale haukuamka.

Fatouma alikuwa ameketi juu ya mkeka barazani. Akamwangalia Amisa kwa adabu, kama mgeni.

"Karibu, mama. Unatoka mbali?"

Moyo wa Amisa ukashuka. "Natoka Gitega," akajibu, akampa mikono yote miwili.

Fatouma akaipokea. Akaigeuza, akaitazama, akakunja uso.

"We Amisa! Masizi tena? Mara ngapi nakwambia uache kuchezea vyungu? Mama akikuona hivi!"

"Ni gari, dada."

"Usinidanganye. Farida, lete maji na limau!"

Farida, aliyesikia jina lake, alikimbia ndani akifuta macho. Fatouma akamwosha mdogo wake kidole kwa kidole, akigombana naye kwa sauti ya chini, na Amisa akamwachia mikono kama mtoto, akitamani weusi ule usiishe.

Jua lilipoinama, Ilyasi akawasha gari. Fatouma hakukiachia kile kidole cha mwisho alichokiosha.

"Uje tena, Amisa. Hata ukichafuka, uje tu. Maji yapo."