Mtani wa Rosa

Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata kufuli. Hapa Njinjo wote wananijua kwa hilo. Ukoo wetu na ukoo wa Rosa ni watani tangu enzi za mababu: nikimkuta anakula namnyang'anya bakuli, akinikuta nimelala ananimwagia maji, na hakuna anayekasirika. Na mmoja akifiwa, mwingine ndiye anayekwenda matangani kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, mpaka wafiwa wacheke bila kupenda. Kazi hiyo nilidhani naijua.

Mwaka wa arobaini na tatu ikaja amri kutoka bomani Kilwa. Serikali ya Mwingereza ilikwisha kuchukua mpunga wetu na mpira wetu wa porini. Sasa ilitaka watu. Njinjo itoe vijana wanane waingie Keya, jeshi lake la Waafrika, wakapigane na Mjapani, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugombana naye. Rosa alikuwa na mtoto mmoja tu, Ambrosi. Baba yake Rosa na kaka zake wawili walichukuliwa vita ya kwanza kubeba mizigo, na mpaka leo hakuna ajuaye makaburi yao. Akaenda kwa Jumbe Likwata, akapiga magoti, akalia. Jumbe alisema jina limekwisha kufika bomani, halifutiki, lakini kilema hachukuliwi. Wakapatana Ambrosi achechemee. Walifanya siri, hata mimi sikuambiwa. Hilo ndilo ninalojitetea nalo, na halinisaidii kitu.

Siku ya kuchaguliwa tulijazana barazani kwa jumbe. Daktari wa jeshi alikuwa Mzungu aliyeungua jua mpaka akachubuka pua, na karani wake alikuwa mtu wa mbali asiyejua mila zetu. Ambrosi akaja anaburuta mguu, uso umekunjamana kwa maumivu. Daktari akaminya goti lake, akatikisa kichwa. Karani akainua kalamu alikate jina lake. Mimi nikamwona mtoto wa mtani wangu anapita mbele yangu anayumba kama bata, na kinywa kikafunguka chenyewe.

"Mguu umekufa lini, wewe? Juzi si umecheza ngoma mpaka ukabomoa ua wa watu?"

Watu wakacheka. Wallahi walicheka, maana mtani akisema ndivyo tulivyozoea. Kisha wakanyamaza mmoja mmoja, kwa sababu karani alikuwa ameinama anamweleza daktari. Daktari akaamuru Ambrosi aruke. Ambrosi akasita. Askari akamtandika mgongoni kwa kitako cha bunduki, akaruka, tena akaruka juu, maskini, kwani alikuwa kijana mwenye nguvu. Rosa alinitazama tu, nami nikatazama chini.

Vita ikaisha. Katika wale wanane walirudi watatu, wamevaa makoti mazito katika joto letu hili. Mmoja wao, Abdulrahmani, alimweleza Rosa bila kumficha. Ambrosi alikufa Burma kwa kuhara, mvuani, kabla hajamwona Mjapani hata mmoja. Walimfukia kando ya njia, na kabla ya kumfukia walimvua viatu, kwa kuwa kulikuwa na mwenzake aliyekuwa pekupeku.

Rosa akaweka matanga, akaniita. Ningekataa vipi? Mtani hakatai msiba. Nilivaa shati la Ambrosi, likanibana kwapani. Nikamwigiza anavyokula ugali huku anasinzia, watu wakacheka. Nikamwigiza anavyojikuna kisogo akitaka kuomba tumbaku, wakacheka zaidi, na wengine wakalia papo hapo. Rosa alikaa mkekani, macho makavu.

"Ile siku ya barazani hujaifanya," akasema. "Ifanye, mtani."

Nikamsogelea, nikamwomba msamaha kwa sauti ya chini. Nilikuwa sijamwomba miaka yote ile, kwa woga. Akanijibu kwamba hakuniita kwa msamaha, ameniita nimchekeshe.

Nikachechemea kuuzunguka ua. Hakuna aliyecheka ila yeye. Alicheka mpaka akashika mbavu, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Tena."

Nikazunguka mara ya pili, na ya tatu. Watu wakaanza kuondoka kwa haya, bila kuaga. Jasho lilinitoka, shati likachanika mgongoni, na kila niliposimama yeye alisema neno lile lile. Mwishowe mke wangu, Adija, akaja kunishika mkono anipeleke nyumbani. Rosa akamwambia kwa upole kabisa:

"Mwache, Adija. Bado sijashiba kucheka."

Adija akaniangalia, akaangalia mkeka wa Rosa uliobaki na mtu mmoja. Akauachia mkono wangu, nami nikaendelea kuzunguka.