Kadi ya Elimringi

...na hii nayo, Ya Aikande, naisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kwa sababu sabuni haijaonekana dukani tangu Pasaka, wino unatoka, naandika Maua Manne, maana ndicho mashine ya kufuma inachochora kadi hii ya matundu ikipita, maua manne kifuani mwa sweta, si Aikande wangu anayekoroga chungu pale mekoni, kosa ni langu, mimi ndiye niliyeziita kadi kwa majina ya watoto, kila moja kwa yule aliyevaa sweta yake ya kwanza, kikundi kilikuwa na wanawake wawili tu, tulijuana... “Hodi, Mama Elimringi!” ni Eunike, katibu wetu, anahema kwa kupanda, “shule ya Bomang'ombe wanataka sweta arobaini kufikia Ijumaa, zile za pembetatu, nikamwambia Anyesi chukua Ya Elimringi, akachukua Ya Ebenezeri, mikono sita tumefumua! Mgeni yule, eti ananiuliza, Elimringi ndiye nani?” halafu anaziba mdomo kwa kanga... ndiye nani, ndiye aliyepanda lori la jeshi kwenda vitani Kagera na sweta ile ndani ya begi, nikamwambia huko kuna joto, akasema mama, usiku ni usiku, na barua ya kifo ilikuwa mistari mitatu, jeneza halikuja, hakuna kaburi mgombani, kuna kadi hii na mwandiko wangu... “Nifute mimi, dada?” Eunike ameishika kadi, hapana, lete hapa, Anyesi hana kosa, atajuaje, kadi iseme inachora nini, nabana kitambaa, herufi ya kwanza inakwenda, zinafuata nyingine, linabaki doa la kijivu, nalo nalisugua, vidole vinanuka mafuta ya taa, naandika Pembetatu Tatu, napuliza wino ukauke, Eunike anaipokea kwa mikono miwili, “Ahsante, Mama Elimringi,” amesema bila kufikiri, nami nimeitika... anaondoka, nanawa, Aikande anasema kiburu kimeiva, napakua ndizi na maharage, mume wangu, Aikande, Ebenezeri, mimi, miaka miwili nimekuwa nikitoa sahani tano na kurudisha moja kabatini, leo nimetoa nne, nazihesabu tena, ni nne. “Kaa basi, Mama Elimringi,” anasema mume wangu, “wote tupo, tusali.”